Gari Lililoegemea Kulia

"Wakazi wote wa jengo hili wanaarifiwa kwamba stoo iliyo chini ya ngazi itafunguliwa, itakaguliwa na kupangwa upya siku ya Jumamosi. Kifaa chochote kitakachobaki humo sharti kithibitishwe mbele ya Kamati kuwa kinafanya kazi ambayo kiliundwa kuifanya. Kitakachoshindwa kitahesabiwa kuwa takataka, na mwenyewe atakuwa na haki ya kukiaga. Ni mimi, Mwenyekiti."

Tangazo hilo lilibandikwa kwa gundi pembe zote, kana kwamba lilishukiwa kutaka kutoroka. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa msahihishaji wa miswada ya sheria, kwa hiyo nililisoma kama ninavyosoma kila kitu, yaani nikitafuta kosa. Sikuliona. Lilikuwa tangazo timamu kuhusu chumba ambacho hakuna mkazi aliyewahi kukiingia kwa furaha.

Mwenyekiti mwenyewe tulimwita Pimamaji, ingawa si mbele yake. Siku uwanja wa jengo ulipomwagwa zege, yeye ndiye aliyesimamia, akitembea na pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa chenye povu ndani ya kioo, kwapani kama wengine wanavyotembea na gazeti. Kazi ilipokwisha alitangaza kwamba uwanja ulikuwa tambarare kama maji ya mtungini. Kwa kuwa ulikuwa tambarare, ulichimbiwa mifereji miwili, mmoja kila upande, ili mvua igawanyike kwa haki. Tangu hapo mfereji wa kushoto, ukitazama kutoka langoni, hufurika, na wa kulia haujawahi kuona tone. Kamati huuzibua kila mwaka.

"Baba mdogo, gari la baba limo stoo," aliniambia binti wa marehemu kaka yangu, tukiwa bado tumesimama mbele ya tangazo.

"Limo. Kila kilichokufa kina mahali kilipo."

"Halijafa. Limelala tu."

"Nalo lenyewe linajua hivyo?"

Alikwisha kwenda kutafuta ufunguo.

Kaka yangu alikuwa fundi wa lifti. Siku za kazi alipanda na kushuka, na labda ndiyo sababu Jumamosi alitaka kuona kitu kikienda mbele. Alikuwa na gari dogo la matairi makubwa, la kuendeshwa kwa rimoti, lenye ukubwa wa sanduku la safari na injini ya petroli ya kweli iliyonguruma kupita umbo lake. Kila Jumamosi alilitua kwenye ukuta wa lango, naye binti yake, angali mdogo, akasimama ng'ambo ya pili, penye ukuta wa bomba. Gari lilivuka uwanja moja kwa moja na kusimama mbele ya vidole vyake vya miguu. Kisha kaka alilibeba kulirudisha langoni, likaanza tena. Mimi niliyaona hayo mara chache kutoka dirishani na kurudi kwenye kitabu changu. Niliamini analibeba kwa sababu haliwezi kugeuka.

Sasa binti alitaka lije tena miguuni pake. Alitaka pia liwe na mahali pa kukaa, maana mama yake alikwisha kutoa hukumu.

"Sebuleni kwangu haliingii," alisema shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa udereva, kazi iliyomzoesha kuzungumza na kila mtu kana kwamba anakaribia kugonga kitu. "Harufu ya petroli niliivumilia kwa mume. Kwa mtoto sikuahidi. Likikubaliwa stoo, sawa. Likikataliwa, liende na taka. Na hiyo kazi kaifanyieni kwako, shemeji. Una meza kubwa na huna wageni."

"Ina vitabu."

"Vitabu havijui kusogea? Visaidie."

Nilivisaidia.

Binti hutengeneza meno ya bandia katika maabara ya kliniki, na nilitambua upesi kwamba kulifungua gari mbele ya mtu wa namna hiyo ni kama kumpeleka mgonjwa kwa daktari asiyekuwa na foleni. Alitandaza kitambaa cheupe, akapanga bisibisi kwa ukubwa, akaanza. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta ilikuwa imeganda ikawa kama utomvu. Mpira wa mafuta ulikatika kama tambi mbichi. Ndani ya eksozi buibui alikuwa amejenga, akahamishwa kwa ustaarabu hadi kwenye ukingo wa dirisha langu bila mimi kuulizwa. Vipande vidogo binti alivipeleka kazini, akaviosha katika ile mashine inayotetemesha maji kusafisha meno.

"Na meno ya watu?" niliuliza.

"Yamesubiri."

"Na watu wenyewe?"

"Wamekula uji."

Mimi sikuwa na imani na jambo hili, na sikuificha. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba binadamu huanza kufufua vitu pale anaposhindwa kufufua watu, na kwamba vitu hivyo kwa kawaida huvuja. Hata hivyo nilijikuta nikivuta kiti karibu zaidi kila jioni, kwa sababu gari lilikuwa na mambo ya ajabu, nami jambo la ajabu hunisumbua kuliko la kusikitisha.

"Njoo uone," alisema siku aliyofikia springi. "Hizi za kushoto zimewekewa washa chini yake." Alinionyesha vibati vyembamba vya duara, vyenye tundu katikati, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. "Mbele na nyuma. Upande wa kulia hakuna hata moja."

"Zilidondoka."

"Zidondoke zote za kulia, na za kushoto isidondoke hata moja?"

"Basi ziliisha dukani."

"Baba mdogo! Unamsema baba, aliyekuwa anatenga misumari kwenye vichupa kwa urefu wake?"

Nilikiri kwamba hoja ilikuwa na uzito. Lakini haikuishia hapo. Fimbo ya chuma inayogeuza magurudumu ya mbele ilikuwa imerefushwa kidogo, kiasi kwamba magurudumu yalitazama kulia hata usukani ukiwa katikati. Na kwenye rimoti ya zamani kulikuwa na kitufe kidogo cha kunyooshea usukani, nacho kilikuwa kimesogezwa kulia na kupakwa gundi kisirudi. Gundi yenyewe ilipakwa kwa unadhifu, bila tone la ziada.

"Nani anagandisha kitu kilichopinda?" binti alijiuliza.

"Katika kazi yangu," nilisema, "kosa likitokea mara moja lilikuwa kosa. Likirudiwa kwa uangalifu tuliliita mtindo, tukaliacha."

"Kwa hiyo niliache?"

"Sikusema hivyo. Nimekueleza tulivyokuwa tukifanya."

Aliliacha kwa muda. Injini ilirudishwa mahali pake, ikafungwa, ikapewa petroli iliyochanganywa na oili. Kamba ya kuwashia ilivutwa na binti, kisha na mimi, kisha tena na binti, aliyenishukuru kwa namna iliyonifahamisha kwamba sihitajiki. Injini ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, ikakohoa tena. Ndipo ikakubali, na vikombe vyangu kabatini vikaanza kugongana.

Tulilishusha kwenye ukumbi mrefu wa chini, wenye sakafu ya vigae. Lilisimama limeegemea kulia, kama mtu aliyebeba ndoo. Binti aliliachia bila kugusa usukani. Likaenda mbele kidogo, likaanza kukata kulia, likajipigiza kwenye mlango wa Mwenyekiti.

Mlango ulifunguliwa.

"Nani anabisha?"

"Ni gari, Mwenyekiti," alisema binti. "Samahani sana."

Pimamaji alilitazama gari kwa muda mrefu, mikono nyuma. "Limekaa upande kama mlevi," alisema. "Binti yangu, gari zima hushika njia lenyewe. Hili ukiliachia linatafuta ukuta. Jumamosi mimi sitatazama kelele, nitatazama njia: kutoka lango hadi bomba, bila kushikwa mkono." Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga jalada.

Neno lile la ulevi lilimchoma binti kuliko alivyoonyesha. Tangu jioni hiyo hakutengeneza tena, alisahihisha. Alitoa washa zote za kushoto. Aliirudisha ile fimbo kwenye urefu wake. Alinunua rimoti mpya, isiyohitaji antena ndefu, na ile ya zamani akaitupa kwenye kapu langu la karatasi. Gia za plastiki zilizokwisha kulika akazibadili kwa za chuma. Akaweka matairi mapya yenye meno makali, akabadili oili ndani ya shokomzoba, akapaka bodi rangi ileile ya buluu, ila safi. Nami nilimpongeza. Mtu aliyeishi kwa kunyoosha maandishi ya wengine hupata faraja ya pekee akiona kitu kimenyooka.

Tulilirudisha ukumbini. Lilisimama wima. Likapita katikati ya ukumbi kama uzi uliovutwa, likasimama.

"Sasa limekuwa gari," nilisema.

"Eh, limekuwa gari," alijibu, lakini alikuwa akizitazama zile washa kiganjani mwake. Hakuzitupa. Alizitia kwenye kikopo kidogo cha meno na kukifunika.

Jumamosi asubuhi Kamati iliketi uwanjani kwenye viti vya plastiki. Feni ya mtu wa ghorofa ya juu ilizunguka, ikapita. Ubao wa kupigia pasi ulipitishwa bila mjadala. Kisha ikawa zamu ya gari. Binti aliliweka kwenye ukuta wa lango, akalielekeza kwenye bomba, akabonyeza, akaacha usukani peke yake kama baba yake alivyokuwa akiuacha. Gari lilinguruma vizuri. Likaenda vizuri. Kisha likaanza kuinamia kushoto, polepole, kwa adabu, na kabla ya kufika nusu ya uwanja likatumbukia mferejini.

"Naomba tena," alisema binti.

Alipewa tena. Gari likachagua mfereji uleule.

"Mwache alishike usukani kwa mkono!" alipaza sauti shemeji yangu kutoka kwenye kivuli cha ngazi. "Mimi wanafunzi wangu nawashikia usukani na wanapata leseni."

"Ndiyo maana tunavuka barabara kwa kukimbia," alisema Mwenyekiti. "Kurekebishwa kila hatua si kufanya kazi, ni kusaidiwa. Kamati inakwenda kula. Tukirudi, kama haliendi, litolewe."

Binti alilitoa gari mferejini, maji machafu yakidondoka kwenye matairi mapya. Mama yake alimsogelea, akapunguza sauti, jambo nadra kwake.

"Baba yako alikuwa hagusi usukani kabisa. Mkono mmoja rimoti, mwingine kikombe cha chai. Na halikuwahi kuangukia huko hata siku moja. Mmelifanya nini?"

"Tumelinyoosha, mama."

"Hongereni."

Juu, mezani kwangu, binti alikaa akilifuta gari kwa kitambaa. Jana yake alikuwa ametoka kazini na mzigo wake, na mbele yangu, juu ya sahani ndogo, yalikuwapo meno ya juu ya mteja fulani, yaking'aa. Sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nilitafuta kosa.

"Haya umeyakosea," nilisema. "Yamepinda. Upande huu uko juu."

"Hayajapinda," alijibu bila kuinua macho. "Mwenyewe taya lake limeinama upande. Ukiyanyoosha hapo mezani yanapendeza kweli, halafu kinywani hayakai. Meno hayapimwi mezani, baba mdogo, yanapimwa..."

Kitambaa kilibaki hewani.

"Yanapimwa wapi?" niliuliza, maana sipendi sentensi isiyokwisha.

"Baba hakulitengeneza la ukumbini," alisema polepole. "Alilitengeneza la uwanjani. La uwanja huu, na la kwenda upande mmoja tu. Ndiyo maana alikuwa analibeba kurudi. Likirudi lenyewe lingeinama upande usiofaa." Alisimama ghafla. "Ile rimoti. Umemwaga kapu?"

Simwagi kapu kabla sijasoma upya kilichomo. Rimoti ilikuwapo, chini ya bahasha. Binti aliishika karibu na dirisha, akapima kwa kalipa yake ya kupimia meno kile kitufe kilivyosogea, akakisogeza cha rimoti mpya kiasi kilekile. Fimbo ikarefushwa tena. Kikopo kikafunguliwa, washa zikarudi chini ya springi za kushoto, kwa mpangilio wake. Gia za chuma, matairi na shokomzoba vilibaki. Gari likasimama mezani kwangu limeegemea kulia, baya kama siku ya kwanza, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na neno la kuliongezea.

Kamati iliporudi, binti alinikabidhi rimoti.

"Mimi sijawahi kuendesha kitu kisicho na kurasa," nilimwambia.

"Unabonyeza hapa tu. Usukani usiuguse. Nikishika kichwa, achia. Mimi nataka kusimama kule."

Akaenda kusimama kwenye ukuta wa bomba, akavua viatu. Shemeji yangu alijisogeza nyuma yangu.

"Shemeji, umeangalia vioo?"

"Halina vioo."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuwa nimeshashuka. Haya, taratibu. Si unaona kuna mtu mbele?"

Nilibonyeza. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba pale juu ya zege, gari lililokuwa limeegemea upande mezani kwangu lilikuwa limesimama wima kama askari. Liliondoka. Lilipita mahali lilipoangukia asubuhi, likaupita mfereji bila hata kuutazama, likashika katikati ya uwanja kana kwamba kulikuwa na reli chini ya zege. Pimamaji aliinuka kwenye kiti. Binti akashika kichwa kwa mikono miwili, nikaachia, na gari likajikokota hadi mbele ya vidole vya miguu yake, likasimama likitetemeka.

Hakushangilia. Aliinama, akalibeba kwa mikono miwili, akalileta hadi langoni kama baba yake, akalitua mbele yangu.

"Tena," alisema.

Likaenda tena. Shemeji yangu hakunipa maelekezo yoyote safari hiyo. Nilipogeuka alikuwa akitazama pembeni, kule kwenye ubao wa kupigia pasi.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa analibeba," alisema. "Na mimi miaka yote nilimcheka kwamba ana gari linalomfanya mwenyewe kuwa punda."

"Linafanya kazi," alitamka Mwenyekiti kwa sauti ya kikao. "Liandikwe kuwa limepita."

Mambo yangeweza kuishia hapo, na mtu mwenye busara ya kawaida angeyaacha yaishie. Lakini binti alikuwa amejawa na furaha ya mtu aliyepata jibu, na furaha ya namna hiyo haina breki.

"Mwenyekiti, unajua limepitaje? Uwanja umeinama kushoto! Baba alilipima mpaka likalingana na huu mteremko. Kwenye sakafu iliyonyooka linakwenda kulia, lakini hapa ndio linanyooka."

Ukimya uliofuata niliutambua. Ndio ule uliokuwa ukitokea ofisini waziri alipoonyeshwa koma aliyoikosea.

"Uwanja huu," alisema Pimamaji, "ni tambarare."

"Mfereji wa kulia haujawahi kuona maji," alisema shemeji yangu.

"Umeziba."

"Si mnauzibua kila mwaka?"

"Kwa sababu unaziba kila mwaka."

"Hebu pimeni," alisema binti, bado kwa nia njema. "Pimamaji si ipo humo stoo?"

Ilikuwapo, katika rafu ya juu, na haikuwa imekaguliwa, kwa kuwa ni mali ya Mwenyekiti. Aliileta mwenyewe, akaifuta kwa leso, akailaza juu ya zege kukingama uwanja. Sote tuliinama, Kamati nzima, vichwa vikikaribiana. Povu lile dogo ndani ya kioo halikusita. Lilikwenda moja kwa moja upande wa kulia, upande ulio juu, likaegemea pale.

Mwenyekiti aliigonga kwa kidole. Povu lilitikisika, likarudi palepale. Akaigeuza, akailaza tena. Likaenda kulia.

"Kifaa hiki kimezeeka," alisema.

"Je, Kamati iandike," niliuliza, kwa sababu sipendi utata katika kumbukumbu, "kwamba hakifanyi kazi ambayo kiliundwa kuifanya?"

Mwenyekiti aliitia pimamaji kwapani, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyebeba kitu kizito. Kisha akasema kwamba hukumu juu ya gari imeahirishwa, na Kamati itatoa uamuzi baada ya kutafakari faraghani.

"Baba mdogo, nimeharibu?" aliniuliza binti tulipokuwa tukipanda ngazi.

"Ulisema kweli mbele ya kikao."

"Si ndiyo nauliza?"

Lile gari lililala mezani kwangu, na Jumatatu asubuhi liliendelea kuwapo, kwa sababu shemeji yangu hakuwa amebadili msimamo kuhusu sebule. Alichobadili ni kidogo: alipita kuniomba chumvi, akaligusa bodi kwa kidole, akasema limepakwa rangi vizuri, akasahau chumvi. Binti alipita kabla ya kwenda kazini, akaniuliza kama bado lipo, ingawa alikuwa akiliona. Tulishuka pamoja, yeye akiwa na kikopo chake cha meno, mimi na gari mikononi, maana hatukujua tungeambiwa tulipeleke wapi. Ukutani palikuwa na karatasi mpya. Niliisoma kwa sauti, nikitafuta kosa.

"Kamati, baada ya kutafakari kwa kina, imeamua kama ifuatavyo. Uwanja wa jengo ni tambarare, kama ulivyotangazwa hapo awali. Gari husika, kwa kuwa limeundwa kwa ajili ya uwanja ulioinama na limenyooka juu ya uwanja usioinama, haliwezi kuhesabiwa kuwa linafanya kazi wala kuwa halifanyi kazi. Hivyo lisiingizwe stoo, na lisitupwe. Pimamaji itabaki stoo kwa heshima ya utumishi wake. Mfereji wa kulia uzibuliwe. Ni mimi, Mwenyekiti."